Mbegu za Karanga za Mama Mdogo

Nikiikumbuka Newala ya ujana wangu, kinachotangulia kunijia ni ukungu. Ulikuwa ukipanda alfajiri kutoka bonde la Ruvuma, ukafika ukingoni mwa uwanda wetu, kisha ukatambaa mashambani mpaka ukaifunika mikorosho yote. Ukitoka nje humwoni jirani. Unasikia kikohozi chake, unasikia mchi wake ukitwanga, unasikia mtoto wake akilia, lakini yeye mwenyewe hayupo mpaka jua lipande. Mambo mengi ya miaka ile, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, nayakumbuka hivyo hivyo. Sauti zinatangulia, nyuso zinakuja baadaye.

Niliishi kwa Bibi, mzaa mama. Mama yangu alifariki nikiwa ningali nanyonya, nikalelewa na mdogo wake, ambaye ndiye Mama Mdogo ninayetaka kueleza habari zake. Kwetu sisi Wamakonde wa uwandani mtoto ni wa upande wa mama, na shamba vilevile, kwa hiyo nilikua pale pale alipokulia mama yangu, nikilima udongo ule ule mwekundu aliolima yeye. Bibi alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, na maneno yake yalitoka yamelainika pembeni, hata akigombeza ungedhani anabembeleza. Mama Mdogo hakuvaa ndonya. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kutembea, na tulipokuwa tukishuka bondeni kuteka maji ilinibidi nikimbie kidogo kila mara ili nisiachwe.

Siku moja aliepua chungu cha mboga jikoni kwa mikono mitupu, akakitua chini bila haraka, kama mtu anayetua kikapu. Mimi nikasikia harufu ya ngozi iliyoungua kabla yeye mwenyewe hajajua. Akaitazama mikono yake. Akanitazama mimi. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Mabaka ya mgongoni alikuwa nayo tangu zamani, tukidhani ni ya kawaida. Mwezi haukuisha, akachukuliwa kwenda kukaa na wagonjwa wenzake wa ukoma katika kijiji chao upande wa Lulindi, kule chini, ambako wamisheni walikuwa wakitoa dawa. Aliondoka asubuhi yenye ukungu. Nilimwona kwa hatua chache tu, kisha nikabaki nasikia viatu vyake.

Nikakua bila yeye. Nikachezwa unyago, akakosekana. Nikaolewa, akakosekana. Mume wangu alihamia kwetu kama ilivyokuwa desturi, akajenga nyumba kando ya nyumba ya Bibi. Baada ya mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa, malori yakapita kuchukua watu wa kwenda Nachingwea, ambako serikali ilikuwa ikifyeka misitu ili karanga zilimwe kwa mashine. Mume wangu akapanda lori. Alituma salamu kwamba kule kuna matrekta yanayong'oa miti kwa mnyororo kama mtu anavyong'oa magugu. Bibi alicheka sana aliposikia. Kwake karanga zilikuwa kazi ya mwanamke, jembe lake na mtoto wake mgongoni, na hakuelewa mnyororo unahusika vipi.

Mama Mdogo alirudi wakati mabibo ya mikorosho yameanza kuanguka. Nilikuwa nafagia uwanja, mtoto kalala mgongoni, na hewa yote ilikuwa na ile harufu tamu ya mabibo yaliyochacha, inayomfanya mtu asinzie hali amesimama. Nikasikia hodi. Nikaitambua sauti, lakini nilifikiri ni usingizi.

"Shikamoo, Mama," nikasema, kabla hata sijageuka.

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa na mzigo kichwani na makubazi ya tairi miguuni. Amekonda, lakini urefu wake ni ule ule. Mikono aliifunika ndani ya kanga. Akamtazama mtoto kwa mbali.

"Huyu ni nani?"

"Mjukuu wako."

Akatabasamu, lakini mikono haikutoka. Bibi akatokea mlangoni, akasimama kwa muda mrefu akimtazama binti yake, kisha akauliza, "Umekula?" Aliingia jikoni kupika, na nilipomfuata nilimkuta anapuliza moto uliokwisha kuwaka.

Tulipokwisha kula, Mama Mdogo aliifunua mikono. Vidole vilikuwa vimepinda na vingine vimefupika. "Nimepona," akasema. "Daktari amesema sina tena kitu cha kumwambukiza mtu. Vidole havitarudi, lakini ugonjwa umekwisha." Nikamfungua mtoto mgongoni nikamweka mapajani pake. Akamzungushia mikono ile polepole. Mtoto akaamka, akamtazama, akalala tena.

Mzigo wake ulikuwa na nguo, sufuria, na mfuko wa karanga zisizomenywa. Kule Lulindi wagonjwa wenye nguvu walilima chakula chao wenyewe, na karanga zile alizipanda na kuzivuna kwa mkono wake. Akazimimina katika kilindo cha gome, akakipandisha kwenye uchaga juu ya jiko, moshi uzilinde na wadudu.

Jirani yetu alikuja jioni ile ile. Yeye na Mama Mdogo walichezwa unyago pamoja, wakafundwa pamoja, wakaambiana siri za ujana wao wote. Alikuwa ametoka bondeni na mtungi wa maji, jasho linamchuruzika. Mama Mdogo akamletea maji katika kata.

"Ahsante," jirani akasema. "Sina kiu."

Akauliza habari za safari, akauliza habari za Lulindi, akaaga. Kata ikabaki imejaa. Mama Mdogo akayanywa yale maji mwenyewe, akiwa amesimama, akitazama njia aliyopita rafiki yake.

Siku hizo wanawake wa kwetu walikuwa wakialikana kulima. Leo wote wako shambani kwa fulani, kesho kwa mwingine, na mwenye shamba ndiye anayepika. Kazi ilikuwa nzito lakini haikuuma, kwa sababu ya nyimbo na maneno. Kabla ya mvua, jirani yule akaja kuzungumza nami. Nadhani alitumwa na wenzake, na hakuifurahia kazi hiyo. Alinikuta nachambua mbaazi.

"Mwaka huu tunaanza kwangu," akasema. "Wewe na Bibi mje."

"Na Mama je?"

Akakiangalia kikapu changu cha mbaazi. "Yeye apumzike nyumbani. Na siku ya kwenu tutakuja, ila chakula tutabeba chetu."

"Bibi miguu haimruhusu tena kulima," nikamjibu. "Mimi nitakuja na mama yangu. Kama yeye haji, na mimi siji."

"Mwanangu, mimi sina ubaya naye."

"Najua, Mama. Na mimi sina ubaya na wewe."

Akaondoka. Mwaka ule hatukualikwa popote, na kwetu hakuja mtu.

Basi tulilima wawili. Mama Mdogo hakuweza kufumba kiganja kukamata mpini, kwa hiyo nilimfunga jembe mkononi kwa vipande vya kanga kuukuu, taratibu, nikiacha nafasi. Kila jua likielekea kutua nilimfungua, nikaiosha mikono yake, nikaigeuza na kuikagua, kisha miguu, kwa sababu angeweza kujikata asijue. Alifundishwa hivyo kule chini. Ikawa desturi yetu. Yeye ananyoosha mikono, mimi naangalia, mtoto anatambaa katikati yetu, na bonde linageuka rangi ya zambarau. Nikifumba macho sasa hivi nauona ule mkono katika mkono wangu, mzito na mtulivu, kama wa mtu aliyelala.

Mvua ya kwanza iliponyesha, wenzetu walikimbilia mtama na mahindi, kama ilivyokuwa kawaida. Karanga walizingojeza mpaka mwisho. Mama Mdogo hakukubali.

"Tuanze na karanga," akasema. "Udongo umelowa."

"Mama, na mtama?"

"Mtama utatungoja kidogo. Kule tulifundishwa karanga zipandwe mapema. Tena tuzibananishe, zifunike ardhi upesi. Sisi ni wawili, magugu hatutayaweza."

Nikatangulia kuchimba vishimo na kudondosha punje, yeye akafuata nyuma akifukia kwa mguu, hatua baada ya hatua, makubazi yake yakiacha alama za tairi shamba zima. Kwa mbali, ng'ambo ya mikorosho, tuliwasikia wenzetu wakiimba shambani kwa jirani. Mama Mdogo alikuwa anaujua wimbo ule. Nikamsikia anauitikia chini chini, na mguu wake ukafuata mwendo wao.

Miezi miwili ikapita hivi, na karanga za kijiji zikaanza kuugua. Majani yalikuwa ya manjano, yamejikunja na kusongamana, na mmea wote umedumaa kama uliokanyagwa. Zetu nazo ziliguswa, lakini kidogo. Ukisimama mpakani uliona wazi, huku kijani, kule manjano. Niliona aibu kwa uzuri wa shamba letu. Nilipokuwa nikienda kuteka maji, mazungumzo yalikatika nikifika. Mwishowe mwanamke mmoja akasema, bila kunitazama, kwamba ugonjwa wa karanga umekuja na mtu, na mtu huyo anajua jinsi ya kulikinga shamba lake.

Nilimweleza Mama Mdogo, kwa sababu nilijua angesikia kwa wengine. Alikuwa akimlisha mtoto uji.

"Wanaogopa," akasema. "Hata mimi niliogopa nilipofika kule mara ya kwanza. Sikutaka kulala karibu na mtu."

Siku zile alikuja Bwana Shamba, kijana wa Kiyao kutoka upande wa Masasi, mwenye kaptula ya kaki na baiskeli aliyokuwa akiisukuma zaidi kuliko kuipanda, kwa sababu ya mchanga. Wanawake wakamkusanyikia katika shamba la jirani yetu. Mimi na Mama Mdogo tulisimama mpakani, upande wetu. Akachuma kikonyo, akakigeuza, akawaonyesha wadudu wadogo weusi waliojipanga chini ya jani.

"Hawa ndio wanaobeba ugonjwa," akasema. "Wananyonya mmea mgonjwa, wanahamia mzima."

"Mbona kwa mwenye ukoma hawakuhamia?" akauliza mwanamke mmoja.

Kijana akatazama shamba letu, kisha akatutazama sisi. "Shikamooni," akasema. "Mlipanda lini?"

"Mvua ya kwanza," nikajibu.

"Nyinyi je?" akawauliza wale.

Wakatazamana. Jirani yetu akasema walipanda mwisho, baada ya mtama.

"Basi. Wadudu hawa wanapenda mche mchanga, na wanapenda kutua palipo na uwazi. Ukipanda mapema, na ukipanda karibu karibu, wanapokuja karanga zimekwisha kukomaa kidogo na ardhi imefunikwa. Mama huyu amefanya kama tunavyosema sisi kila mahali. Hana dawa nyingine."

Wengine walimsadiki. Wengine walisema njiani kwamba ni kijana tu, na vijana wa serikali wana maelezo ya kila kitu. Jirani yetu aliinama akachuma kikonyo kimoja cha kwake na kimoja cha kwetu, akaenda navyo nyumbani.

Kuvuna karanga kuna usingizi wake. Jua linapiga mgongo, udongo una uvuguvugu, unashika shina, unavuta, na chini linakuja shada zima likining'inia na kutoa harufu ya ardhi. Unageuza mizizi juu, unaacha pale, unahamia linalofuata. Tulivuna hivyo bila haraka. Mtoto alijifunza kusimama katika shamba lile, akishikilia kanga ya Mama Mdogo. Bibi alitupikia kisamvu cha karanga, kizito, chenye mafuta yanayoelea juu, tukala mpaka tukalala pale pale kwenye mkeka.

Lakini mvua ya mwaka ule ilikatika mapema, na mtama ukatoka makapi matupu. Ilipofika kiangazi njaa ilikuwa imeingia. Watu walikwenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, wakarudi na vikapu ambavyo havikujaa. Walio na karanga kidogo walikula mbegu. Siwalaumu, mtoto akilia mbegu haina maana. Kwetu kilindo kilikuwa pale juu ya jiko, kimejaa, kwa sababu shamba lilitoa, na Bibi alikuwa akikitazama kila akiota moto.

"Mbegu ni za watu watakaouona mwaka kesho," akasema siku moja. "Mimi sijui kama nimo."

Mama Mdogo akacheka. Akapanda juu ya kigoda, akatoa konzi moja, akamkaangia mama yake, akafunga kilindo tena. Bibi alikula punje moja moja mpaka jioni.

Kisha ukungu ukaanza kurudi, dalili kwamba mvua haiko mbali. Asubuhi moja nikiwa naota moto barazani na Mama Mdogo na Bibi, tukasikia hodi, na hatukumwona mtu. Sauti tuliijua.

"Karibu," Mama Mdogo akasema.

Jirani akaibuka kutoka kwenye ule weupe, kikapu kitupu mkononi. Alikuwa amepungua mno, mashavu yameingia ndani. Akamsalimia Bibi, akaitikiwa, akakaa kwenye gogo.

"Nimekula mbegu zangu zote," akasema mwishowe.

"Wengi wamekula," Mama Mdogo akamjibu.

"Nimesikia kwenu zimebaki."

"Zimebaki."

Jirani akakigeuza kikapu mikononi. "Sijui niombe vipi, mwenzangu. Mwaka jana nilikuja hapa nikasema nisiyopaswa kusema."

"Mbegu zipo," Mama Mdogo akasema. "Shida ni kwamba zimo katika maganda, na mimi vidole hivi vinazivunja. Mwanangu huyu peke yake hawezi kuzimenya zote. Kaa, tusaidiane."

Nikateremsha kilindo, nikamimina karanga katika ungo mkubwa, nikauweka katikati yetu. Mama Mdogo akaingiza mikono yake wa kwanza. Alikuwa na njia yake. Aliliweka ganda juu ya jiwe bapa, akalibonyeza kwa kisigino cha kiganja mpaka likapasuka, kisha akatuachia sisi kutoa punje. Akalisogeza lililopasuka upande wa rafiki yake.

Jirani alilitazama. Mikono yake ilikuwa mapajani. Ukungu ulikuwa umetuzunguka pande zote, na nilikuwa na hisia kwamba hakuna mtu mwingine duniani isipokuwa sisi na ule ungo. Halafu mkono wake ukanyanyuka, ukachukua ganda, ukatoa punje, ukaitupa kwenye bakuli. Ukachukua jingine.

Tukamenya. Mwanzoni ilisikika sauti ya maganda tu. Baadaye Mama Mdogo akauliza habari za binti wa jirani, kama amekwisha kuolewa, na jirani akaeleza, na maneno yakaanza kufuatana. Karanga zilizosinyaa, zisizofaa kupandwa, tulikuwa tukizitenga pembeni. Jirani, akiwa katikati ya kusimulia jinsi mkwe wake alivyoanguka kutoka kwenye mkorosho, akaokota punje moja iliyosinyaa akaitia mdomoni, kama anavyofanya kila mtu anayemenya karanga tangu dunia ianze.

Taya lake likasimama. Nikaona macho yake yanatambua punje ile imetoka chini ya mkono wa nani. Bibi naye aliona. Mama Mdogo aliendelea kubonyeza maganda, kichwa kimeinama.

Kisha jirani akatafuna.

"Tamu?" Mama Mdogo akauliza bila kuinua macho.

"Tamu," akasema. Akaokota nyingine. "Basi mkwe wangu akaning'inia kwenye tawi, suruali imeshikwa na kijiti..."

Mama Mdogo alicheka mpaka akaweka jiwe chini. Sijui kama kisa chenyewe kilichekesha kiasi hicho.

Jua lilipoutoa ukungu, wanawake wengine waliokuwa wakipita njiani walimwona jirani yetu amekaa pale, na mdomo wake unatafuna. Kesho yake wakaja wawili. Siku iliyofuata baraza ilijaa. Kila mmoja alimenya alizokuwa akizichukua, na kabla ya kuondoka Mama Mdogo aliwaambia ombi lake: kila mtu akivuna arudishe kiasi alichochukua na kidogo zaidi, viwekwe kwenye kilindo kimoja, ili mwaka mbaya ukija tena hata mjane asiye na mtu apate cha kupanda. Wakakubali. Wakasema pia kwamba watapanda mvua ya kwanza. Ni mwanamke mmoja tu hakuja, yule aliyesema yale maneno kule tulikoteka maji. Alishuka mpaka Masasi kwenda kutafuta mbegu za dukani. Zikaota vizuri, sina la kuongeza. Alitusalimu kwa heshima maisha yake yote, na hakuwahi kukaa barazani kwetu.

Msimu ule tulilima pamoja. Siku ya kwetu walikuja na majembe yao tu, hawakubeba chakula. Bibi aliketi kivulini akiwagombeza kwamba wanapanda mbali mbali, na kwa ile sauti yake hakuna aliyechukia. Mama Mdogo alifukia kwa mguu, safari hii mbele yake kuna mstari mrefu wa wanawake, na yeye ndiye aliyeanzisha wimbo.

Mume wangu alirudi kabla ya mavuno. Kazi ya Nachingwea ilikuwa imepungua, matrekta mengine yamesimama kwenye nyasi. Alipoingia uwanjani alimkuta Mama Mdogo anamwogesha mtoto. Alisimama pale na kisanduku chake. Asubuhi yake aliniuliza, "Ni kweli daktari alisema hivyo?" Nikamwambia ni kweli. Akafikiri. Siku hiyo hiyo alikwenda kukata miti, na kabla ya mwezi kwisha Mama Mdogo alikuwa na nyumba yake, karibu na yetu, yenye mlango unaotazama bonde.

Karanga zilikuwa nyingi. Baada ya kurudisha mbegu kwenye kilindo, na baada ya kila nyumba kuweka za kula, wanawake waliamua zilizobaki zisiuzwe na kila mtu peke yake kwa mchuuzi wa njiani, bali tuzipeleke sokoni Masasi kwa pamoja. Wakatuchagua sisi watatu kwenda nazo, jirani, Mama Mdogo na mimi. Mume wangu alizungumza na dereva wa lori aliyefahamiana naye, tukapakia magunia, tukapanda juu yake.

Sikuwahi kusafiri hivyo. Lori liliteremka kutoka uwandani kwa kuyumba, ukungu tukauacha nyuma, hewa ikawa ya joto. Magunia yalikuwa laini, yakitoa ule mlio mdogo wa maganda kila tulipokanyaga shimo. Mama Mdogo alikuwa ameniomba nisimwache apitilize njia ya Lulindi, kwa sababu alikuwa na mfuko wa karanga za wenzake waliobaki kule. Tulipofika njia panda dereva akasimama. Palikuwa na mwanamume mzee aliyekuwa akitoka kanisani, na vidole vyake vilikuwa kama vya Mama Mdogo. Walisalimiana kama ndugu. Akaupokea mfuko, akaunusa, akasema, "Za uwandani zina harufu nyingine," akashika njia na mfuko wake.

Baada ya hapo Mama Mdogo akalala. Alijinyoosha juu ya magunia, kichwa akakiweka mapajani pa jirani yetu, na jirani akamfunika uso kwa ncha ya kanga yake ili jua lisimchome. Akauchukua mkono wake, akaugeuza, akaukagua kama alivyoniona mimi nikifanya, akaurudisha kifuani pake. Tukaenda hivyo, upepo ukipita juu yetu, mpaka yale majabali makubwa ya Masasi yakaanza kujitokeza mbele, ya kijivu, yasiyo na haraka.

"Tumwamshe?" nikauliza.

"Mwache," jirani akasema. "Ataamka mwenyewe akisikia kelele za soko."